Jinsi Eucabeth Achola Alivyomsamehe Jirani Yake

Mwaka wa 1955, kanisa la mabati lililokuwa nyuma ya landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, lilikuwa na desturi moja iliyoheshimiwa kuliko mahubiri. Kila Jumatano jioni waliookoka walikutana, na mwenye jambo moyoni alisimama akalisema mbele ya wote. Akikiri dhambi, wenzake waliimba. Akimsamehe mtu, waliimba pia, na aliyesamehewa aliinuka, akamshika mkono na kusema, "Bwana asifiwe." Haikuwa desturi kuuliza maswali.

Eucabeth Achola alihudhuria mikutano hiyo kwa muda mrefu bila kusema lolote. Mumewe, Odero, alisafisha injini za gari la moshi. Yeye alifagia kanisa kila Jumamosi, kazi isiyokwisha, kwa sababu vumbi la ziwa lililokauka liliingia tena kabla hajaweka ufagio chini. Alifua kitambaa cha Meza ya Bwana, aliwapikia wafiwa na kuketi na wagonjwa. Watu walisema ana upendo. Mwenyewe alijua ana kinyongo kimoja, na aliona kwamba kwa mtu mwenye kazi nyingi hivyo, kimoja si kingi.

Kinyongo hicho kilihusu samaki. Krismasi iliyopita, Mchungaji Waithaka alipokuja, kila mama alileta chakula. Eucabeth alileta sufuria ya ngege waliokuja na gari la moshi kutoka Kisumu. Aliyepanga meza ni jirani yake Nanyama, kiongozi wa waimbaji. Nanyama aliifunika sufuria ile kwa sinia, juu ya sinia akaweka karai, juu ya karai akatandika gunia. Mchungaji alikula maharagwe. Sufuria ilirudi nyumbani imejaa, na jamaa ya Odero walikula samaki mpaka watoto wakaomba mboga.

Eucabeth hakusema kitu. Mwezi wa pili alijifungua mtoto wa kiume, na akamwomba Nanyama awe mama wa ubatizo, kwa sababu katika landi zote hakuwa na mwanamke mwingine aliyemwamini. Kinyongo hakikubadilisha jambo hilo.

Ubatizo haukuwa jambo jepesi. Mchungaji Waithaka aliishi Njoro, na miaka ile ya Hali ya Hatari Mkikuyu hakusafiri bila ruhusa, hata awe mchungaji. Ruhusa ikitolewa, alikuja. Isipotolewa, watoto walingoja. Binti wa kwanza wa Eucabeth alikufa kwa homa akingoja. Mzee wa kanisa, Khaemba, aliyefanya kazi ya kugeuza njia za reli stesheni, alimzika kwa maneno mazuri. Lakini palipotakiwa jina alisema "mtoto wa Odero", maana jina lilikuwa bado halijatajwa kanisani. Eucabeth hakumlaumu, lakini hakusahau.

Sasa habari zilifika kwamba mchungaji amepata ruhusa ya Jumapili moja ya Agosti. Eucabeth alijipima moyo, akaona hawezi kumpeleka mtoto kwenye maji akiwa na kinyongo. Jumatano alisimama.

"Namshukuru Bwana," alisema. "Amenipa neema ya kumsamehe dada Nanyama, kwa ajili ya samaki."

Watu waliimba. Nanyama hakuinuka.

"Samaki gani?" aliuliza. "Mimi nimekosa nini?"

Waimbaji walinyamaza mmoja mmoja.

"Wale wa Krismasi," alisema Eucabeth.

"Dada, mimi nilikuomba msamaha lini?"

"Hukuomba. Nimekupa bure."

Jumatano iliyofuata alisimama Nanyama. Alimsamehe Eucabeth kwa kumfanya mwenye dhambi mbele ya watu. Watu waliimba, lakini kidogo. Jumatano ya tatu Eucabeth alimsamehe Nanyama kwa ile roho aliyomsamehe nayo. Hapo Mzee Khaemba aliinua mkono kabla wimbo haujaanza.

"Kusameheana kumezidi," alisema. "Kuanzia leo hakuna mtu kumsamehe mwingine hapa mpaka niseme. Na sheria mnaijua. Mwenye ugomvi hasogei kwenye maji. Si yeye, si mtoto wake, si mama wa ubatizo."

"Sisi hatuna ugomvi, mzee," alisema Eucabeth. "Tumeshasameheana."

"Ndiyo hiyo shida yenyewe."

Zamani, nje ya kanisa, Eucabeth alimwita jirani yake Mama Simiyu, kwa jina la kifungua mimba wake. Sasa wawili hao waliitana dada hata kwenye bomba la maji, na kila aliyewasikia alijua kwamba mambo yameharibika.

"Umemsamehe mara mbili," alisema Odero wakila. "Mtu akisamehewa hivyo anaweza kwenda polisi."

"Wewe cheka. Mtoto atakaa bila jina."

"Tafuta mama mwingine wa ubatizo."

"Nani atakubali? Kila mmoja anaogopa kwamba nitamsamehe na yeye."

Odero hakuwa ameokoka, na mambo ya Jumatano aliyatazama kama mtu anayetazama mpira.

"Basi mwombe yeye akusamehe wewe," alisema.

"Mimi nimekosa nini?"

"Si na yeye aliuliza hivyo hivyo?"

Jumamosi, siku moja kabla mchungaji hajafika, Eucabeth alifagia kanisa akifikiri. Tangu Krismasi alikuwa amechota maji na Nanyama, ameazima chumvi kwake, amecheka naye. Hakuna siku aliyomtajia samaki. Aliona kwamba alikuwa amechagua kuwaambia watu wote kwa sababu ni rahisi kuliko kumwambia mmoja, na kwamba watu wote walimwimbia. Aliuegemeza ufagio ukutani kabla ya kumaliza, akaenda.

"Hodi."

"Karibu, dada." Nanyama alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo.

"Usiniite dada. Nimekuja kwa Mama Simiyu."

"Basi kaa."

Eucabeth hakukaa. "Kesho mchungaji anakuja. Lakini sikuja kwa hilo. Nimekuja kwa hilo, lakini liko lingine la kwanza."

"Sema."

"Nilikutaja mbele ya watu kabla ya kukuambia wewe. Naomba radhi."

Nanyama alitupa kijiwe nje ya mlango. "Unaomba, au unanisamehe tena?"

"Naomba."

"Ni kweli niliwafunika," alisema Nanyama. "Kwao mchungaji hawali samaki, na harufu ilikuwa imejaa kanisa. Niliona aibu. Nilidhani hukuona."

"Gunia, Mama Simiyu? Nani asiyeona gunia?"

Nanyama alikaribia kucheka, akaacha. "Siku uliyonitaja, Simiyu alikuwa benchi la nyuma. Tulipofika nyumbani aliniuliza kama niliiba samaki."

Eucabeth hakuwa amefikiria hilo. Alisimama akitazama maharagwe.

"Utanisamehe?" aliuliza.

"Leo siwezi kusema. Nikisema haraka litakuwa kama yale ya Jumatano. Nenda, mtoto atakuwa analia."

Mchungaji Waithaka alifika Jumapili na vumbi mpaka kwenye nyusi, akiwa na ruhusa ya mpaka jioni. Watoto wengine walibatizwa kwanza. Kisha Mzee Khaemba akaita, "Mtoto wa Odero."

Eucabeth alisogea na mtoto mikononi.

"Kuna ugomvi?" Mzee Khaemba alimwuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi sina, mzee. Niliomba radhi jana. Sijajibiwa."

Mzee Khaemba alimtazama mchungaji. Mchungaji aliwatazama watu.

"Nani anamsimamia mtoto huyu?" aliuliza.

Nanyama alikuwa mbele ya waimbaji, amefungua kitabu cha nyimbo ambazo zote alizijua kwa moyo. Alikifunga, akampa wa karibu yake, akaja. Alimchukua mtoto bila kumtazama mama yake.

"Mimi," alisema.

"Na ugomvi?" aliuliza Mzee Khaemba.

"Umekwisha."

"Umekwisha lini?"

"Leo asubuhi, nikivaa viatu."

"Mbona hukumwambia mwenzako?"

"Namwambia sasa. Nimemsamehe."

Kwa mazoea watu wawili watatu walianza kuimba. Mzee Khaemba aliwatazama, wakaacha.

"Jina la mtoto?" aliuliza mchungaji.

"Peterson," alisema Nanyama, kwa sauti iliyosikika mpaka landini.

Maji yalimwagwa, mtoto akalia sana. Kwa kawaida mama wa ubatizo humrudisha mtoto kwa mama yake. Nanyama alirudi naye kwa waimbaji, akamweka begani, akaongoza nyimbo zote zilizobaki akimpigapiga mgongoni. Eucabeth alikaa mahali pake. Mikono yake haikuwa na kazi yoyote, na mpaka ibada ilipokwisha hakujua aiweke wapi.