Sauti Iliyouza Hisa za Baba

Marehemu baba yangu, karani wa bandari hapa Kalemie, alikuwa mbishi hata kwa bei ya dagaa. Alikuwa na hisa za kiwanda kimoja ng'ambo ya ziwa, na kabla ya kufa alimwagiza dalali wake kule aziuze kwa bei ya kikomo: ile aliyoitaja yeye au zaidi, asishuke hata senti. Agizo la namna hiyo halijui msiba. Miezi saba baada ya kumzika bado lilikuwa sokoni likingoja mnunuzi, na kila mwezi simu yake iliyokuwa kabatini ilipokea ujumbe: "Ndugu mteja, agizo lako bado liko hai." Mama aliichaji simu ile kila siku. Mimi niliogopa hata kuitazama.

Mama naye alikuwa anapofuka. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunga jicho moja, la pili lilibaki na ukungu, na daktari alitaka pesa za upasuaji. Nikamwomba hisa ziuzwe kwa bei ya soko, yaani yoyote atakayotoa mnunuzi aliyepo leo. Akakataa katakata.

"Papa yenu alisemaka bei yake," alisema. "Nani atamukatia neno muntu mwenye iko mu udongo?"

Mimi sina subira, na karatasi za urithi zilikuwa zimekwama mahakamani. Siku moja adhuhuri, mvua ikinyesha, umeme wa bwawa la Bendera umekatika na nyumba imeingia giza, nikachukua simu ya baba, nikampigia dalali na kusema kama baba. Haikuwa kazi ngumu. Tangu ujana wangu watu wamekuwa wakidhani ni yeye kila ninapopokea simu.

"Shikamoo mzee! Umepotea!"

Nikamwambia afute kikomo, auze kwa bei ya soko. Akanieleza kwamba zitauzwa upesi lakini kwa bei ya chini sana, kisha zitakatwa kamisheni yake, ada ya soko na ada ya wanaotunza hisa.

"Kata," nilisema, na kikohozi kifupi cha baba kikanitoka bila mimi kukitaka.

Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni, mkono ukipapasa ukuta.

"Papa ya batoto," alisema polepole, "kumbe umerudia. Sasa mbona haukubishana juu ya makato?"

Nilipaswa kusema ni mimi. Nilinyamaza kwa aibu, na zaidi kwa hofu kwamba nikifungua kinywa atajibu baba mwenyewe.

"Umechoka kubishana," mama akajijibu, akatabasamu. "Uzisha tu."

Pesa zilizobaki baada ya makato zilitosha jicho moja. Wiki zile za kungoja upasuaji, mama alijipaka mafuta, akavaa kitenge chake kizuri, akaniomba niongee kidogo kwa sauti ile nikiwa chumba kingine. Niliongea. Mungu anisamehe.

Siku ya kutoa bandeji muuguzi aliniambia nimsalimie mgonjwa. Nikamsalimia. Mama akageuza uso kuelekea sauti yangu, tayari anacheka. Jicho lilinitazama, likatafuta nyuma ya bega langu, likarudi.

"Ah," alisema. "Kumbe ni wewe tu."