Walimkalisha Wamvue Shati

Songea nilifundishwa jambo moja hadi nikaliota: aliyeanguka vibaya usimkalishe, uti wa mgongo usije ukakatika. Mlaze, shika kichwa, funga shingo kwa kola, mgeuzeni kwa pamoja. Niliporudi hospitalini nikasimama kwenye kikao cha asubuhi kutoa mrejesho. Chai ilikuwa inapoa, nikaambiwa nifupishe. Wakanipigia makofi, na tangu hapo ikahesabika kwamba chumba cha dharura kizima kimefundishwa. Ulipofika mzunguko wa kuhamisha wauguzi, nikatolewa dharura, nikapelekwa kliniki ya watoto, kupima uzito. Nilipohoji, muuguzi mkuu alicheka tu.

"Sista, mafunzo si ya kwako peke yako. Mrejesho si ulishatoa?"

Basi mdogo wangu, anayechuuza dagaa wa usipa kutoka Liuli, akaanguka na pikipiki mteremkoni. Waliombeba waliniapia baadaye kwamba njiani alikuwa akiikunja miguu mwenyewe. Nilipopata habari nilimtoa mtoto wa watu kwenye mzani, nikamrudishia mama yake, nikakimbia. Nikawakuta wenzangu wawili wamemkalisha mdogo wangu kitandani, mmoja kamshika kwapani, mwingine anamvua shati kupitia kichwani. Na mkasi wa kukatia nguo upo pale pale mezani!

"Ananuka samaki na damu," wakaniambia. "Tunamsafisha kwanza, daktari asimkute hivi."

Nilipiga kelele mpaka wodi ya wazazi wakasikia. Nikashika kichwa, tukamlaza, nikamfunga shingo.

Muuguzi mkuu akaja, akaniwekea mkono begani. "Pole, Sista. Ni mipango ya Mungu."

Niliutoa ule mkono. Mungu asisingiziwe! Mungu hakupanga mzunguko, wala hakuharakisha kikao kwa sababu ya chai. Wale wenzangu siwachukii. Walimsafisha mgonjwa kama walivyozoea, kwa roho safi, na hakuna aliyewahi kuwashika mikono akawaonyesha vingine. Nawachukia waliodhani makofi ni mafunzo. Hadi leo nikikutana nao korido nasalimia kwa sababu ya adabu tu, lakini damu inanichemka.

Siku ile, muuguzi mkuu akiwa bado amesimama pale, mdogo wangu alikuwa akitazama dari. Nikasogea miguuni, nikaanza kumfinya vidole kimoja kimoja, kwa kucha, kwa nguvu zangu zote. Uso wake haukubadilika.

"Dada," akaniita, "mbona unakawia? Nivue viatu basi, uanze kunipima."

Miguu yake ilikuwa peku, mikononi mwangu.