Kapteni Yoramu Alipolala Chamwino

Jamani, Kapteni Yoramu kalala! Kalala kwa mama yake Chamwino, mchana kweupe, kwenye mkeka, masaa manne mfululizo, na hakuna simu iliyomwamsha. Najua mtasema sasa hiyo nayo ni habari? Subirini kwanza mjue huyo mtu alikuwa kachoka kiasi gani.

Ilikuwa mwaka 2001, enzi zile viwanda vya serikali vinauzwa na matajiri wapya wanaibuka kila kona. Mmoja akanunua kiwanda cha mafuta ya alizeti pale Kizota, Dodoma mjini. Mambo yakamnyookea, akanunua na jeti ndogo ya watu saba. Rubani wake ndo Yoramu, mzaliwa wa Chamwino, mistari minne ya ukapteni begani. Kule Nkuhungu alikokuwa anakaa na mke wake Evelina, watu walimwita Kapteni hata akienda kununua vitunguu.

Ukimwangalia kwa nje unasema huyu kayapatia maisha. Leo Nairobi, kesho Johannesburg, keshokutwa Mwanza kufuata sangara wa bosi. Yaani jeti nzima inaruka kufuata samaki. Mshahara ulikuwa mnene, hilo hakuna ubishi.

Tatizo, tajiri hakuwa na ratiba. Ratiba ilikuwa ni simu ya mezani ambayo kampuni iliiweka sebuleni kwa Yoramu. Ikilia tu, ndani ya nusu saa awe uwanjani, kanyoa ndevu, viatu vinang'aa. Kwa hiyo hakuonja hata pombe ya wanzuki kwenye harusi za ndugu zake, hakwenda mbali, na usingizi wake ulikuwa wa jicho moja. Evelina alikuwa anasikiliza redio kwa sauti ya chini kama anaiba. Mtoto wao Elisha alikuwa haruhusiwi hata kuifuta vumbi ile simu. Na akitua, kazi haijaisha. Yeye ndo anashusha mabegi ya wageni, yeye ndo anafuta viti, yeye ndo anasafisha choo cha ndege, na mistari yake minne begani.

Chamwino ni kama kilomita thelathini tu kutoka mjini. Lakini ukipewa nusu saa, hapaendeki. Miaka mitatu Yoramu hakuwahi kukaa kwa mama yake, Bi Zipora, zaidi ya dakika ishirini, tena kasimama, ufunguo wa gari mkononi.

Basi ikaja barua. Shirika jipya la ndege la watu binafsi, Dar, lilikuwa linatafuta marubani. Jibu linatakiwa kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Evelina akaisoma mara mbili.

"Watakushusha. Utakuwa rubani msaidizi."

"Miaka miwili tu."

"Na kapteni wako nani?"

"Ludovick. Yule kijana niliyekuwa namfundisha."

Evelina akacheka mpaka akakaa chini. "Baba Elisha, utamwita Ludovick kapteni?"

"Nitamwita hata shangazi, ili mradi nilale."

Kusema ni rahisi. Barua aliiweka chini ya simu ikakaa wiki mbili. Mshahara wa kule ulikuwa mdogo, na kuvua mstari mmoja begani siyo mchezo kwa mtu mzima. Lakini kilichomkwamisha hasa ni mama. Hapa yuko karibu naye. Dar ni mbali. Atamwachaje?

Jumatano ya wiki ya mwisho akaja mdogo wake, Ruthu, kutoka Chamwino, na ndoo ya zabibu kichwani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Kachoka tu kupika."

"Anampikia nani?"

Ruthu akamwangalia kama anaona anataniwa. "Si wewe."

Kumbe ilikuwa hivi. Siku ya kwanza anakabidhiwa ile jeti, Yoramu kwa furaha zake alimwambia mama yake, ukisikia ndege yangu inapita hapa juu, ujue nimerudi, bandika maji nakuja kula. Yeye kasema tu, kesho yake kasahau. Mama akalishika neno lile. Ndege za kutoka Dar zinapita juu ya Chamwino zikienda kutua Dodoma. Kila akisikia mngurumo, Bi Zipora anaacha jembe, anaosha mikono, anasonga ugali wa uwele, anapika mlenda, anafunika, anakaa mlangoni. Jua likizama anawaita majirani wale.

"Kila siku?" Yoramu akauliza.

"Kila akisikia ndege. Na wakati wa Bunge ndo usiseme, maana ndege ni nyingi na yeye hazitofautishi. Juzi kapika mara tatu. Majirani wanaomba usiache kazi, wamenenepa."

Ruthu alicheka peke yake.

"Miaka mitatu hamniambii?"

"Alitukataza. Alisema utarusha ndege na mawazo."

Hapohapo simu ikalia. Bosi anataka mgeni wake akachukuliwe Dar, sasa hivi. Yoramu akavaa kofia akaenda, angefanyaje? Wakati wa kurudi, alipoanza kushuka juu ya Chamwino, aliangalia mabati ya chini yanavyong'aa na akajua kabisa kwamba kuna mtu pale, dakika hii, anaweka jembe chini. Akatua. Akashusha mabegi. Akasafisha choo. Ijumaa asubuhi akawapigia wa Dar, akakubali.

Tajiri hakuelewa. "Kule wanakupa nini?"

"Karatasi," Yoramu akamwambia. "Imeandikwa siku gani sifanyi kazi."

"Nakuongeza mshahara."

"Ahsante bosi. Nimechoka."

Na sitaki niwadanganye, Dar hakupumzika kivile. Anaamka alfajiri, njia ni ileile, Mwanza na kurudi, Mwanza na kurudi, abiria hata jina lake hawalijui, na Ludovick anamkosoa mbele ya wahudumu. Lakini karatasi ilikuwepo, na kwenye karatasi kulikuwa na Jumanne ya kupumzika.

Jumanne hiyo akapanda basi la Dodoma, akashuka Chamwino saa nane mchana. Bi Zipora alikuwa anapogoa mizabibu. Alishtuka.

"Mbona sijakusikia?"

"Shikamoo mama. Nimekuja na basi."

"Sasa sijapika."

"Pika tu mama. Leo nasubiri."

Akavua viatu, akajilaza kwenye mkeka kivulini nyuma ya nyumba. Maji hayajachemka, keshapotea. Bi Zipora akasonga ugali, akafunika, hakumwamsha.

Baadaye kidogo ikapita ndege. Bi Zipora akainuka kwa mazoea, akafika jikoni, akashika mwiko. Halafu akageuka. Miguu ya mwanaye ilikuwa imetokeza nje ya mkeka, soksi moja ina tundu. Akaurudisha mwiko, akaja kukaa pembeni yake, akawa anamfukuzia nzi mpaka saa kumi na mbili jioni.

Basi, ndo hivyo. Ukimaliza kuisoma, naomba umtumie na mwingine naye asome.