Wimbo wa Ndani Katika Ukumbi wa Matrah

Ukimnyima Bi Ruqaya kitabu, umemtukana. Alisomesha jiografia hapa Maskati mpaka akastaafu, na hakuwahi kukubali mwanafunzi akae bure kwa kukosa kitabu. Alikuwa akipiga kopi kwa fedha yake na kugombana na kila mkuu wa skuli. Siku hizi kila Jumamosi sebule yake ya Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, hujaa watu. Mmoja huja na picha za Unguja, mwengine na namna ya kupika mkate wa kumimina, mwengine na somo la hesabu alilowatungia watoto wake. Vyote hurikodiwa na kuwekwa kwenye mtandao kwa leseni huria, yaani mtu yeyote achukue, atumie, asilipe wala asiombe ruhusa. Ukimbishia kidogo tu, atakupa hotuba mpaka kahawa ikupoe mkononi.

Aliyemsumbua sana kumshawishi ni Bi Bakhita. Bibi huyu ni somo, ndiye anayewafunda mabiharusi wa ukoo wao, na baada yake hakuna mwengine. Ana nyimbo za nje, ambazo kila mtu huzisikia harusini. Anazo na nyimbo za ndani, ambazo huimbwa mlango umefungwa, wanawake peke yao, kwa mafumbo ya Kiunguja cha zamani ambayo mtu aliyekulia kule akiyasikia lazima atazame chini. Alikubali kurikodiwa za nje tu.

Basi akaja, akaimba, na wanawake wakalia. Tatizo ni kwamba somo wa kwao hatangazi kuwa sasa anaingia ndani. Hujifunika kanga kichwani akaupa mlango mgongo, basi. Siku ile Bi Bakhita aliwaona wanawake peke yao pembeni yake, hakuna mwanamume, akanogewa, akajifunika kanga. Watu wazima wote walielewa, na kila mmoja alidhani simu imeshazimwa. Lakini mshika simu alikuwa Rawan, mtoto wa kaka yake Bi Ruqaya, aliyezaliwa Maskati na ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chai. Kwake kanga ni kanga tu, na mafumbo yale hakuyafahamu hata moja. Bi Ruqaya mwenyewe alikuwa jikoni anamimina kahawa. Rikodi ikaenda mpaka mwisho, na jioni ileile ikapanda mtandaoni.

Zikapita wiki. Bi Ruqaya akawa anapiga pasi abaya yake ya kwendea Matrah, kwenye mkusanyiko mkubwa wa mwaka: wanaume na wanawake, walimu, wageni wa vyuo, na rikodi ya Bi Bakhita, picha na sauti, ionyeshwe yote ukutani. Akaifungulia simuni, kwa mara ya kwanza, aisikilize huku anapiga pasi. Wimbo wa nje ukamalizika. Ukaanza mwengine.

"Ya Rabbi!" alisema, na pasi ikakaa palepale mpaka abaya ikaungua.

Hofu iliyomshika haikuwa ya wageni wa vyuo. Aliyekuwa anamleta Bi Bakhita ukumbini ni Mutasim, mkwe wake, mzaliwa wa Unguja. Bi Bakhita anaishi nyumbani kwa Mutasim, na mpaka leo hali chakula mbele yake kwa haya. Akimsikia mama mkwe wake akiimba maneno yale, bibi yule ataurudisha vipi uso wake katika nyumba ile? Ataenda wapi?

Akampigia Rawan, hapokei. Akavaa abaya iliyoungua, akaingia garini. Matrah kulikuwa na meli ya watalii, na hapana hata pa kuegesha baiskeli. Alizunguka, akamtukana Mmarekani mmoja asiye na kosa lolote, mwishowe akaiacha gari mbele ya duka la mtu na kukimbia, mtu mzima yule, mkoba unampiga kiunoni.

Alipoingia, Bi Bakhita alikuwa ukutani, mkubwa, anaimba wimbo wa nje. Bi Bakhita mwenyewe alikaa mstari wa mbele, amefurahi, Mutasim pembeni yake. Rawan alikuwa mbali, upande wa pili wa watu. Bi Ruqaya akajipenyeza katikati ya magoti ya watu. Pale ukutani mkono ukapanda, ukashika upindo wa kanga. Kanga ikafunika kichwa.

Akazikamata nyaya za spika na kuzing'oa zote.

Aflah, mwenyekiti wa siku ile, akasimama. "Bi Ruqaya, kuna nini? Si wewe unayetwambia kila kitu kiwe wazi?"

"Mashine imekharibika," alisema, na nyaya ziko mkononi mwake.

Bi Bakhita akageuka. "Ruqaya, mwanangu. Sauti yangu imekukera?"

Angejibu nini? Kueleza mbele ya Mutasim ni kulifanya lilelile alilokuja kulizuia. Watu walikuwa wanamtazama.

"Nnakuomba radhi, Bi Bakhita."

"Mbele ya watu umenfanyia hivi?" Bibi akainuka, akaenda zake chumba cha wanawake.

Rawan alipoelezwa alilia, akaifuta rikodi mtandaoni papo hapo. "Lakini watu wameshaichukua, shangazi," alisema. "Tuliwapa ruhusa wenyewe." Bi Ruqaya alitamani kumpiga kibao, na alijua si yeye wa kupigwa.

Kwenye ukumbi mwembamba wa kwendea chumba cha wanawake alimkuta Mutasim amesimama, funguo za gari mkononi. Hakumtazama.

"Masalkheri, Bi Ruqaya. Nlitaka kukwambia, mimi sikusikia kitu. Leo, wala siku nyengine yoyote."

Ya leo Bi Ruqaya aliyafahamu, hakuna aliyesikia. Lakini hizo siku nyengine, nani alimuuliza? Kumbe mkwe ameshaisikia zamani, akanyamaza, na leo amemleta mama mkwe wake, maana kukataa ni kukiri, akakaa pembeni yake akingojea kufa kwa haya. Bi Ruqaya akataka kulia.

Akaingia, akapiga magoti mbele ya Bi Bakhita, akamweleza yote: simu, kanga, mtandao, watu walioichukua. Hakujitetea. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Wamesikia wangapi?"

"Sijui, bibi yangu."

"Wanaume?"

"Wamo."

Bi Bakhita akafumba macho. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo:

"Na Mutasim?"

Bi Ruqaya alimshika mkono.

"Kanambia mwenyewe, sasa hivi, hapo nje. Hakusikia kitu."

"Kasema hivyo?"

"Wallahi kasema."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Bakhita, na machozi yakamtoka. "Basi mwambie alete gari. Nnataka kwenda kwangu."