Msaragambo Usioitikiwa

Kwa miaka mingi mama yangu aliigiza mjane katika igizo la nyimbo la kwaya yetu kule Mhezi. Mfereji wa mjane umebomoka, maharage yanakauka, naye anawaita majirani waje msaragambo, ile kazi ya pamoja tunayofanya Wapare bila kulipana. Katika kila ubeti aliita, akanyamaza, na ukumbi mzima ukamwitikia: wazee, watoto, hata mchungaji. Hakuna aliyefundishwa. Ukiitwa, unaitika.

Mimi ndiye niliyepata wazo la kuligeuza igizo kuwa filamu. Nilikuwa nimekaa sana Same mjini, nikajiona mjuzi. Nikamleta mwongozaji na kamera zake, naye akataka watu wakae kimya, sauti zao zitarekodiwa baadaye. Nikapita ukumbini nikiwaziba watu midomo. Jirani mmoja alipoitika kwa mazoea nilimkaripia, mtu ninayemwamkia shikamoo, na tukarudia upya. Mama akaita ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mara alisubiri, uso ukamshuka, kisha akaendelea. Nikafikiri anaigiza vizuri.

Hizo sauti za baadaye hazikurekodiwa kamwe. Mwongozaji alipata kazi nyingine Dar es Salaam, akaitoa filamu hivyo hivyo.

Mtangazaji mmoja wa redio, mchambuzi wa filamu, aliisifu milima na ukungu wake. "Ila huyo mama mhusika mkuu," akasema, "kila akifika katikati ya wimbo anasahau maneno. Si wangetafuta msanii?" Mtandaoni nako wakacheka mpaka wakachoka. Niliwakasirikia, kana kwamba kosa lilikuwa lao.

Mama alikisikia kipindi kile akiwa jikoni. Tangu hapo hajaimba. Kanisani anafungua kitabu cha nyimbo na kufuata kwa macho tu. Wanakwaya walimfuata nyumbani mara mbili. Aliwapa chai, akasema koo linamsumbua.

Jumapili moja tulikuwa uani tukichambua maharage, nikamwambia, "Mama, achana na yule mtangazaji. Hajui kitu."

"Yule simlaumu, hanijui." Akatupa kijiwe pembeni. "Lakini ninyi mlikuwa pale, mwanangu. Niliita, mkanitazama tu."

"Tulikuwa tunarekodi, Mama."

"Najua, niliambiwa. Lakini kila nikifungua mdomo naziona nyuso zenu. Nilipofiwa na baba yako niliita, na watu wote wakaja. Siku ile hata wewe hukuitika."

Nilimwomba msamaha. Alisema alishanisamehe zamani, na najua hakunidanganya. Basi nikamsihi aite sasa hivi, ubeti mmoja tu, nimwitikie. Akauweka ungo chini, akaketi vizuri, akavuta pumzi. Midomo ilifunguka, na sauti haikutoka.