Ami Alamin na Farasi Wake Pekupeku

Jamani, mshawahi kuona farasi akisomewa dua katikati ya barabara?

Mimi nimeona. Na farasi mwenyewe ni wetu.

Ilikuwa baada ya Idi, harusi ya watu wa Kinondo. Zefe la kumsindikiza bwana harusi limepamba moto, matari yanalia, farasi wetu, Waziri, amevishwa maua shingoni, na bwana harusi yuko juu ametulia. Kufika pale lami inapoisha na kokoto kuanza, Waziri akasimama ti.

Akavutwa, hakwenda. Akasukumwa, hakwenda. Akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akapiga magoti ya mbele. Bwana harusi akateleza shingoni polepole mpaka chini, kanzu ikageuka rangi ya vumbi.

"Jini!" watu wakapiga kelele. "Huyu farasi ana jini!"

Mzee mmoja akaanza kusoma dua. Mwenye farasi, ami yangu Alamin, akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Jini lilimfaa sana. Kwa jini, hakuna anayemlaumu mwenye farasi.

Mimi Yusra ndiye ninayemtunza Waziri. Nikachuchumaa, nikauinua mguu wake wa mbele. Harufu ikanipiga usoni. Ukwato umepasuka kutoka chini mpaka karibu na manyoya, na misumari ya kiatu cha chuma imelegea kama kwenye mbao iliyooza.

Jini gani hilo la kupigiliwa misumari?

Sasa niwaeleze kuhusu ami yangu. Alistaafu kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja Diani, na mpaka leo anatembea kama mtu anayesubiriwa na wageni. Viatu vyake ni vya ngozi, ncha kali, na kisiginoni amemwambia fundi amtilie chuma. Ka! Ka! Ka! Unamsikia kabla hujamwona. Kijiji chetu kizima cha Mwabungo kikisikia hivyo, watoto wanaacha mpira.

Kwake yeye, mtu wa hadhi lazima asikike. Na farasi wake vilevile.

Nikamwita Daktari Mbodze, daktari wa mifugo kutoka Kwale. Akaja, akainama, akakwangua kwato zote, akainuka amekunja uso.

"Shikamoo, mzee. Huyu anakula nini?"

"Marahaba, mwanangu. Anakula vizuri. Mahamri, halua, wali wa harusi. Huyu si farasi wa mtaani."

"Basi halua ikome leo. Sukari yote hiyo inamshukia kwenye kwato. Na viatu vitoke. Msumari hauna tena pa kushika hapa."

"Vitoke vyote?"

"Vyote. Ukwato uote upya kutoka juu. Aanze kutembea kwenye mchanga laini, kisha mgumu, kisha kokoto kidogo kidogo. Mimi nitakuwa nakuja kumchonga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tukaribie Ramadhani ijayo, inshallah."

Ami akashika kiuno. "Farasi wangu mimi, Alamin, atembee pekupeku kama mwizi wa nazi?"

Lakini viatu vilitoka. Si kwa huruma, ni kwa sababu kimoja kilidondoka chenyewe palepale mbele ya daktari.

Ami akanigeukia mimi.

"Sikiliza, Yusra. Binti yangu Ummi anaolewa kabla ya Ramadhani. Siku hiyo Waziri asipoweza kumbeba bwana harusi, namuuza kwa wenye shamba la mamba. Mamba hawachagui kwato."

Alicheka. Mimi sikucheka. Waziri aliletwa nyumbani na marehemu baba yangu, akiwa mdogo, miguu mirefu haijui pa kwenda. Ndicho kiumbe hai pekee baba alichoniachia, ila akaandikishwa kwa jina la ami kwa sababu mimi nilikuwa mtoto.

Basi kazi ikaanza.

Mwanzoni Waziri alitembea kama mtu aliyesahau ndara zake ufukweni saa sita mchana. Hatua moja, anafikiri. Hatua nyingine, ananitazama kama mimi ndiye niliyemroga. Nilimpeleka mchangani Galu maji yakipwa, asubuhi na jioni.

Na watu je? Hawakuniacha.

"Msupa, huyo farasi ameibiwa raba?" kijana wa bodaboda kutoka Ukunda alikuwa akiniuliza kila siku, na kila siku alicheka kama ni mara ya kwanza.

Halua ilikwisha kweli. Nilimkamata ami mara kadhaa akipenyeza mahamri kwenye banda, kayaficha kwenye kanzu. Eti farasi ananung'unika. Nikayala mimi.

Polepole ukwato mpya ukateremka, mgumu, mzima, ufa wa zamani ukisogea chini na kuchongwa. Siku Waziri alipovuka kokoto za barabara ya msikitini bila kusita, nililia pale pale barabarani. Sikuona haya.

Nikamwambia ami, "Yuko tayari."

"Sijasikia kitu," akasema.

"Usikie nini?"

"Ndiyo hivyo! Anapita kama paka. Harusi bila mlio wa chuma ni matanga."

Nikadhani anataka tu kusema neno la mwisho, kama kawaida yake. Kumbe!

Alhamisi, kesho yake ndiyo harusi, narudi kutoka dukani nakuta Kenga, mchomeaji mageti wa Ukunda, yuko bandani na nyundo. Mbele yake viatu vinne vya chuma vinang'aa. Ami ameshika hatamu, amevaa vile viatu vyake vya ncha.

"Ami! Utamuua!"

"Ni vya leo na kesho tu! Vya kupigia picha!"

Waziri alipoiona nyundo, akarudi nyuma. Akageuka. Na mguu wake wa mbele ukatua barabara juu ya kiatu cha ami.

Ukelele wa ami nadhani mpaka Shimoni waliusikia.

Kenga alikuwa wa kwanza kuinama. Akakivua kiatu, akatazama kidole gumba kilichoanza kuwa kama zambarau.

"Mzee, mshukuru Mungu hakuwa na chuma. Angekuwa nacho, hiki kidole ungekiacha hapa."

Akakusanya vifaa vyake, akaondoka zake.

Mtu mwingine angejifunza. Ami Alamin mchana wa Ijumaa alipaka mguu mafuta ya nazi, akausukuma ndani ya kiatu kilekile huku machozi yakimlenga, akaenda msikitini. Ka... ka. Ka... ka.

Nikaha ikafungwa. Mimi nilikuwa nje na Waziri. Wazee wawili walinikunjia uso kuona mwanamke ameshika hatamu mbele ya zefe, lakini Waziri hakubali kuongozwa na mkono mwingine, wakanipisha. Bwana harusi, Nassir, kijana mpole wa Msambweni, akapanda. Matari yakaanza.

Ami hatoki.

Nikachungulia. Yuko mlangoni pa msikiti, ameketi, anapigana na kiatu. Alipokivua ili kuingia, mguu ulipata nafasi ya kuvimba, na sasa haurudi. Alijaribu kusimama bila viatu. Akagusa kokoto zenye jua la alasiri kwa nyayo zake laini za mapokezi, akaruka.

Watu wanatazama. Baba wa bibi harusi hawezi kuachwa.

Nassir akashuka. "Baba, panda wewe. Mimi nina makubadhi yangu."

"Mimi? Juu ya farasi wa bwana harusi?"

"Panda, baba. Wali unapoa."

Akapandishwa na watu wanne. Waziri akaingia kwenye kokoto, hatua baada ya hatua, kimya, bila kutetemeka hata kidogo, kokoto za aina ileile iliyompigisha magoti Kinondo.

Tulipofika katikati ya njia, ami akainama karibu na sikio langu.

"Yusra. Wakati ule, alikuwa akiumwa hivi?"

"Zaidi, ami. Na yeye hakuwa na wa kumpandisha mgongoni."

Niliona mkono wake ukimpapasa Waziri shingoni, na moyo wangu ukatulia. Shamba la mamba lilikwishia pale.

Nyumbani wanawake walipiga vigelegele mpaka walipomwona aliye juu. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti, "Jamani, bwana harusi ndiye yupi?" Ummi mwenyewe alicheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Mngedhani mambo yameishia hapo.

Wiki iliyofuata napita barazani, ami ameketi na wenzake, ndara miguuni, anawafundisha.

"Yule daktari alitaka kumpigilia chuma. Nikakataa kata kata! Nikamwambia, farasi ni pekupeku."

Akaniona. Akakohoa. Akaendelea.

Nikampita, nikaenda zangu bandani. Waziri anatembea, hiyo ndiyo haki yangu.

Wenzangu, mkubwa akiwa hasikii maumivu ya mwingine, msipoteze mate kumweleza. Mwacheni avae kiatu chake mwenyewe mpaka kimbane. Atasikia tu. Kisha atawaambia watu kuwa ni yeye aliyegundua.