Njia ya Majeneza ya Oxelby

Dorcas Keziah Tunnard, binti wa Obed Tunnard aliyemtoa ng'ombe wa kasisi kisimani kwa kamba ya kengele ya kanisa. Mjukuu wa Tabitha aliyemfungia mkusanya kodi katika banda la bata mpaka akasahau alichofuata. Mwenyewe mshindi wa achari ya vitunguu miaka kumi na saba katika maonyesho ya kijiji cha Oxelby, na mtu pekee aliyewahi kumwambia askofu usoni kwamba mahubiri yake yana urefu mwingi kuliko maana. Huyo ndiye aliyefika kwenye njia yake asubuhi moja ya Machi, maua mkononi, akakuta geti jipya na kufuli.

Njia yenyewe si kitu cha kutazama. Inaanzia nyuma ya baa, inavuka kijito kwa ubao mmoja, inapita chini ya madirisha ya Jumba Kubwa na kutokea makaburini. Ni dakika kumi kwa mwenye magoti ya miaka sabini na tisa. Amos, mumewe, alikuwa na mwaka wa tatu kaburini, na kila Jumanne na Ijumaa Dorcas alimpelekea maua na habari za kijiji, hasa habari mbaya za watu ambao Amos hakuwapenda. Bila njia ile ilibaki barabara kuu: maili mbili, hakuna pembeni pa kukanyaga, na malori ya viazi yanapita kama yanafukuzwa na polisi. Magoti yasingefika. Yaani kufuli lile lilikuwa limemfungia Amos upande wa pili.

Mwenye kufuli alikuwa Bwana Lionel Farquhar, aliyetajirika London kwa kuuza mabafu, kisha akanunua Jumba Kubwa pamoja na picha za wazee wa watu ukutani, ambao sasa aliwaita wazee wake. Alikuwa na miaka minne tu Oxelby na tayari alivaa koti lililochakazwa kwa makusudi na kuwaeleza wakulima upepo wao unatoka wapi. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa ameandika kijitabu cha historia ya Oxelby na mahali pa kutembelea jirani. Kiliuzwa posta na kwenye meza ya kanisa, na jaladani yupo yeye mwenyewe, ameegemea magofu ya abasia, makao ya watawa wa kale, kama aliyeyabomoa kwa mkono wake.

Dorcas alikuwa amenunua nakala ya kwanza, akakaa nayo na penseli. Alipata makosa kumi na moja kabla chai haijapoa. Kinu cha upepo kimewekwa mashariki ya kijiji, na kila mtoto anajua kiko magharibi. Abasia imesemwa iko mwendo wa dakika ishirini, labda kwa farasi, tena farasi aliyeogopeshwa. Na yule mfalme ambaye kijitabu kinadai alilala Oxelby hakulala. Alisimama, farasi wake akanywa maji, akaondoka haraka kwa sababu ya harufu ya ngozi zilizokuwa zikitengenezwa hapo. Basi tangu hapo kila aliyeingia posta alimsikia Dorcas akisema karatasi ile inafaa kutandikia kuku wanaotaga, na hata kuku waangaliwe wasije wakaisoma wakaacha kutaga. Enid, mwenye posta, alimwomba asiseme hivyo karibu na wateja. Dorcas akapaza sauti.

Kufuli lilipowekwa alipeleka malalamiko kaunti, na mwezi wa Juni akaja mkaguzi, mwanamke mwembamba mwenye mafua, akaketi katika ukumbi wa kijiji nyuma ya sahani ya biskuti. Farquhar alikuja na wakili. Hoja yao ilikuwa fupi: watu walipita pale kwa hisani ya wenye Jumba, na hisani hurudishwa mfukoni wakati wowote. Dorcas akasimama akasimulia alivyopitishwa njia ile na mama yake, kama mama yake naye alivyopitishwa na Tabitha. Wakili alimsikiliza kwa upole wa mtu anayesubiri basi.

"Kumbukumbu ni nzuri sana, mama," alisema. "Lakini karatasi ipo?"

Karatasi ziliwahi kuwepo. Kasisi wa wakati wa vita alizitia katika jiko la kanisa Januari moja yenye theluji, na kijiji kizima kilimshukuru kwa joto. Mkaguzi akapenga kamasi, akasema kwa huzuni kwamba bila maandishi hana la kufanya.

Kijitabu cha Farquhar kilikuwa ndani ya mkoba wa Dorcas tangu asubuhi. Alikuwa amemwomba Mungu asikihitaji. Alikitoa kama mtu anayetoa panya mtegoni, akamwonyesha mkaguzi ukurasa wa tisa. Mkaguzi akasoma kwa sauti: kwamba tangu zama zisizokumbukwa watu wa Oxelby wamepita chini ya madirisha ya Jumba hili kila siku, kwa haki yao ya kale, na kubeba wafu wao kwa njia hiyo, na kwamba bwana wa Jumba husimama getini kichwa wazi, kofia mkononi, hata mvua ikinyesha, mpaka jeneza lipite.

Nusu ya kwanza ilikuwa kweli tupu. Ya pili Farquhar aliitunga mwenyewe akiwa amekaa karibu na moto. Bwana wa zamani ambaye Dorcas alimfahamu alikuwa akiona jeneza anafunga mapazia, asije akaharibikiwa hamu ya kula.

"Unakiamini kijitabu hiki, Bi Tunnard?" mkaguzi aliuliza.

Ukumbi mzima ukamgeukia. Hakuna aliyekuwa hajasikia habari za kuku. Enid alikuwa anaing'ata leso yake. Dorcas alihisi makosa yote kumi na moja yakimpanda kooni, kinu mbele, mfalme nyuma. Akayafikiria malori ya viazi. Akamfikiria Amos, ambaye angecheka mpaka ashikwe na kikohozi.

"Kila neno," alisema. "Nimekisoma na penseli mkononi."

Mkaguzi akamgeukia Farquhar, akamwuliza kama naye anasimama na alichoandika. Wakili alimvuta shati. Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema, nilitia chumvi, na geti lingebaki. Lakini askofu alikuwa amepelekewa nakala yenye sahihi, na chama cha historia cha mjini kilikuwa kimemwalika akahutubie. Farquhar alitazama dari, akawa mwekundu kama nyama ya ulimi.

"Kila neno," alisema.

Kufuli likatolewa Agosti. Dorcas alimsimulia Amos kwa saa nzima, mara mbili pale penye wakili.

Oktoba moyo wake ulianza kuchoka, naye akamtuma Enid amwite Farquhar. Bwana yule akaja na chupa ya jamu, uso umelainika, akidhani anakuja kusamehewa. Alikuta Dorcas kitandani, kijitabu kiko juu ya blanketi.

"Ukurasa wa tisa," Dorcas alisema. "Daktari ananipa mpaka viazi vimalizike kung'olewa. Nikipita, utakuwa getini. Kichwa wazi."

"Bi Tunnard, pale, mimi na wewe tunajua kwamba..."

"Najua nini mimi? Nilisema mbele ya serikali kila neno ni kweli. Unataka nizikwe mwongo?"

Farquhar akaizungusha kofia mikononi. Aliuliza kwa sauti ndogo kama ni lazima na mvua ikinyesha.

"Wewe ndiye uliyeandika mvua. Mimi ningekuandikia mwavuli. Na si mimi tu. Baada yangu Enid, halafu kila mtu wa Oxelby, mpaka wewe mwenyewe upite. Atakayenunua nyumba baada yako, mfundishe kabla hujampa funguo."

Akakubali kwa kichwa, akainuka, akavaa kofia. Alikuwa amefika mlangoni Dorcas alipomwita.

"Simama hapo hapo. Ivue nione."

Akaivua.

"Hiyo ni ya kumsalimia muuza maziwa. Polepole. Rudia."